Kumuuliza Panya

Panya hawezi kukuambia kwamba anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, wala kwamba hana hamu ya chochote. Skizofrenia na sonona, ambazo mara nyingi humwandama mgonjwa mmoja kwa pamoja, daktari huzitambua zaidi kwa maelezo ya mwenyewe. Mtafiti wa maabara hana maelezo hayo, na namna anavyoyakosa bila kukata tamaa ndiyo inayonivutia.

Tazama anavyopima hamu. Ndani ya tundu anatundika chupa mbili, moja ya maji matupu, nyingine yenye sukari kidogo, kila moja imepimwa uzito. Baadaye anazibadilisha upande, kwa sababu wapo panya wanaopenda tu kunywea kushoto, na mpimaji mzembe angedhani wanafuata utamu. Kabla ya hapo amewazoesha panya mkono wake kwa siku kadhaa, maana hofu ya kushikwa huvuruga majibu yote.

Mwaka 1987 mtafiti Paul Willner na wenzake walieleza kuwa panya waliosumbuliwa kwa wiki kadhaa na karaha ndogondogo, kama tundu kuinamishwa au matandiko kuloweshwa, walipunguza kunywa sukari. Dawa ya sonona iliwarudishia hamu taratibu, kwa wiki, kama inavyochelewa kwetu.

Kwa skizofrenia, mtafiti hupima mshtuko. Mlio mkali humrusha panya, lakini ukitanguliwa na mlio hafifu, hata kwa sehemu ya kumi ya sekunde, anashtuka kidogo tu. Kwa binadamu hutazamwa kope zinavyopepesa. Kwa wagonjwa wengi wa skizofrenia breki hiyo hulegea. Swali ni lilelile kwa viumbe wawili, na halihitaji neno hata moja!

Vipimo hivi vilikutana kwenye jeni ya DISC1, iliyokatika katika familia moja ya Uskoti ambamo baadhi walipata skizofrenia na wengine sonona. Mwaka 2007 kundi la mtafiti John Roder, Toronto, lilieleza panya wa aina mbili, kila aina ikiwa na badiliko dogo mahali tofauti kwenye jeni hiyohiyo. Wa kwanza walipungukiwa hamu ya sukari, na bupropioni, dawa ya sonona, ikawasaidia. Kwa wa pili breki ya mshtuko ililegea zaidi, na dawa za skizofrenia zikairekebisha. Hata hivyo watafiti hawakuandika kwamba panya hao wana sonona au skizofrenia. Waliandika kwamba mwenendo wao unafanana nazo.