Mwangaza Mmoja, Vipimo Vinne

Katika tafsiri za masharti ya zabuni na za maelezo ya taa za LED, neno "mwangaza" limetwishwa mzigo usio wake. Huandikwa "mwangaza wa lumeni 800", kisha "mwangaza wa kandela 1,000", kisha "mwangaza wa luksi 300". Msomaji hudhani anaelezwa kitu kimoja kwa vizio mbalimbali, mfano wa maili na kilomita. Sivyo hata kidogo.

Lumeni hupima jumla ya mwanga utokao katika taa, kwa kadiri jicho la binadamu linavyouhisi. Kandela hupima ukali wa mwanga huo kuelekea upande mmoja. Luksi hupima mwanga uangukiao mahali, yaani lumeni moja kwa kila mita ya mraba. Cha nne, kandela kwa mita ya mraba, hupima jinsi uso wa kitu unavyong'aa machoni mwa mtazamaji.

Madhara ya kuvichanganya si madogo. Balbu ya LED ya wati 9 hivi hutoa lumeni 800, takriban sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Mwanga huo ukienea sawasawa pande zote, ukali wake ni kandela 64 tu. Lakini kurunzi ya lumeni 100, zilizokusanywa katika koni nyembamba ya steradiani 0.1, ina kandela 1,000. Mnunuzi wa taa za darasa akisoma "mwangaza 1,000" na "mwangaza 64" atachagua ile ya kwanza, na wanafunzi watabaki gizani, isipokuwa yule aliyemulikwa.

Wako wasemao kwamba kizio chatosha kutofautisha. Hatukubaliani nao: mwalimu hufundisha dhana kabla ya kizio, na katika majedwali vizio aghalabu huachwa. "Nguvu ya mwanga" nayo haifai, kwani "nguvu" imekwisha kuzoeleka kwa wati.

Twapendekeza "mmiminiko wa mwanga" kwa lumeni, "ukali wa mwanga" kwa kandela, na "ung'avu" kwa kipimo cha nne. "Mwangaza" libaki kwa luksi, maana ndiyo hali ya mahali palipoangazwa. "Mtiririko" tumeliacha kwa sababu hudokeza mkondo wa upande mmoja, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya kazini, kisha watuletee maoni yao.