Classement inahesabu nini, na inasahau nani?

Kila mara orodha mpya ya vyuo vikuu vya dunia inatoka, mu magroupe yetu ya WhatsApp wimbo ni ule ule: "Unilu iko wapi? Unikin iko wapi? Hatumo!" Bamoja wanacheka, bengine wanakasirika, kisha mjadala unalala. Ndugu, leo naomba tufungue ile mashine tuone namna inahesabu, zaidi upande wetu sisi watu wa historia, lugha, sosiolojia na antropolojia.

Tuanze na ile ya Shanghai, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2003. Inahesabu zawadi za Nobel na medali za Fields, watafiti wanaotajwa sana, makala za majarida Nature na Science, na makala zilizoandikishwa mu fahirisi mbili: moja ya sayansi, moja ya sayansi za jamii. Fahirisi ya sanaa na fasihi haimo. Mwalimu akipata Nobel ya fasihi, kwenye alama ya zawadi za walimu chuo chake hakipate hata pointi moja. Na mwenye kutumia miaka kumi kuandika historia ya muji wake, kwa Shanghai ni kama alilala miaka kumi.

Ile ya Leiden, kule Uholanzi, iko na adabu zaidi. Haiulize watu sifa ya chuo. Inaangalia machapisho tu, na iko na sehemu yake ya sayansi za jamii na za utu. Lakini soma masharti ya toleo lake la kawaida, lile linalotegemea hifadhi ya Web of Science: makala iwe kwa Kiingereza, na itoke mu jarida la kimataifa linalotaja majarida mengine ya namna ile ile. Kitabu hakihesabiwe. Kisha wanatafuta makala ngapi za chuo zimeingia mu asilimia 10 zinazotajwa zaidi mu fani yao.

Kwa mtu wa fizikia, masharti haya hayana ubaya sana. Makala yake ni fupi, iko kwa Kiingereza, wenzake wanaitaja mwaka unaofuata. Kwetu sisi kazi kubwa inatoka kama kitabu, inasomwa polepole, na mara mingi inaandikwa kwa lugha ya watu inaowahusu. Mashine haikutuonea kwa chuki. Ilitengenezwa kwa kupima kitu kingine, sasa inatumiwa kutupima sisi.

Chukua V.Y. Mudimbe. Mtoto wa Likasi, alifundisha Lubumbashi miaka ya 1970, wakati masomo ya lugha na ya jamii ya UNAZA yalikusanywa kule. Kisha aliondoka kwenda Marekani. Mwaka 1988 kitabu chake The Invention of Africa kilitoka Indiana, na tangu pale hakuna mtu anayesoma Afrika kwa makini anayeweza kukiruka. Hiyo si impact? Lakini ni kitabu: kwa hesabu ya Leiden ni sifuri. Na pale kingehesabiwa, pointi zingeenda kwa chuo cha Marekani. Miaka ya Lubumbashi, wanafunzi wake, mabishano ya pale, hakuna kolone ya kuviandika.

Mufano wa pili unaniuma zaidi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha hapa hapa, kwa jina la chama cha maboyi wa zamani, bale waliofanya kazi mu nyumba za Wazungu. Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi mwanzo wa miaka ya 1970 na kuongea kwa Kiswahili na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, alilichapisha andiko la Yav mwaka 1990, na mazungumzo na Tshibumba mwaka 1996. Simusemi Fabian vibaya: majina aliyaweka wazi, na Kiswahili cha Yav alikiacha mu kitabu tukisome. Ninasema tu kwamba maarifa yalitoka kwetu, kwa lugha yetu, na anayetajwa duniani ni prof wa Amsterdam. Classement inaona mutaro, haione chemchemi.

Bale bale wa Leiden wanajua shida hii. Mwaka 2015 baadhi yao walitia sahihi ile inayoitwa Manifesto ya Leiden, na kanuni yake ya tatu inaomba kulinda utafiti bora unaohusu mahali fulani. Basi tatizo liko pia kwa anayesoma orodha bila masharti: tume ya bourse, muajiri, hata encadreur anayemwambia mwanafunzi "acha creuseurs wa Kolwezi, tafuta sujet itakayopita mu jarida la Kiingereza." Hapo njo hatari. Namba inaanza kuchagua maswali yetu.

Lakini tusijifiche nyuma ya Wazungu. Hata mashine ya haki ingekuja kesho, ingehesabu nini? Mémoire zetu zinakula vumbi mu makabati. Majarida yetu mengi yanatoka kwa karatasi, nakala chache, kisha kimya. Na fungua bibliografia ya mémoire yoyote: Paris iko, Bruxelles iko, mwenzako wa promosheni iliyotangulia, aliyefanya utafiti mu commune ile ile, haiko. Kama sisi wenyewe hatutajane, nani atatutaja?

Kuna mambo hayangoje waziri. Weka mémoire yako Zenodo. Ni bure, na inapata namba yake ya kudumu. Fungua ORCID, ni bure pia. Andika jina la chuo namna moja tu, maana leo "UNILU", kesho "University of Lubumbashi", kompyuta inaweza kuona vyuo viwili. Na mbele ya kutaja mufaransa, uliza nani wa hapa alishafanya kazi hiyo, umutaje kwa jina.

Hatutapanda orodha kesho kwa hayo. Lakini mwanafunzi wa Kolwezi anayeandika juu ya creuseurs atapata wale waliomutangulia, na hataanza sifuri. Mimi kwangu hiyo njo impact ya kwanza.