Wivu Haupofushi, Huchagua Shahidi

Kuna sentensi moja tumeizoea sana kwenye habari za jioni. Mwanamke amepatikana ameuawa, mumewe au mpenzi wake ametiwa mbaroni, halafu mtu fulani anaifunga hadithi kwa maneno yale yale: jamaa alipofushwa na wivu. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliingia barabarani Nairobi na miji mingine kusema wamechoka kuzikana. Ile sentensi bado ipo. Inatolewa kama maelezo, lakini mimi naisikia kama utetezi.

Manake ukishasema mtu alipofushwa, umemwondolea nusu ya kosa. Kipofu utamlaumuje kwa kugonga ukuta? Hata sheria yetu imeiachia hasira mlango. Kifungu cha 207 cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliyechokozwa ghafla akaua kabla hasira haijapoa anaweza kuhesabiwa kuwa ameua bila kukusudia. Kwa hivyo, kuuliza kama hisia hupotosha tunavyouona ukweli si mchezo wa darasa la falsafa. Kuna watu wanazikwa tukiendelea kubishana.

Ndiyo sababu nimerudi kuisoma Othello, tamthilia ya Shakespeare iliyochezwa katika jumba la mfalme London mwaka 1604. Wengi hukumbuka kisa chenyewe. Othello ni jemadari mweusi anayelitumikia jeshi la Venisi, ule mji ambao wasomaji wa Kiswahili waliujua kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere ya 1969. Anamwoa Desdemona, binti wa mkubwa mmoja wa mji. Iago, askari aliye chini yake, anamtilia sumu sikioni: mkeo anatembea na Cassio, naibu wako. Ushahidi ni leso ambayo Othello alimpa Desdemona, na ambayo sasa imeonekana kwa Cassio. Othello anamuua mkewe kitandani. Kisha ukweli unatoka.

Mwaka 1693 mhakiki Mwingereza, Thomas Rymer, aliicheka sana tamthilia hii. Ati kelele zote hizi kwa sababu ya leso? Rymer hakuwahi kuishika simu ya mpenzi wake saa nane usiku. Leo mtu anavunja uchumba kwa tiki mbili za buluu ambazo hazikujibiwa, au kwa skrinishoti aliyotumiwa na rafiki "mwenye nia njema". Ushahidi haujawahi kuhitaji kuwa mkubwa. Unahitaji tu kumkuta mtu anayeusubiri.

Hapo Pwani yetu ina la kuchangia. Kwetu leso si kitambaa cha kufutia jasho tu. Leso ni kanga, na kanga ina maandishi. Mama akiivaa leso ya mafumbo akapita uani, majirani kumi wataisoma na tisa wataendelea na shughuli zao. Wa kumi, yule waliyegombana wiki jana, atajua hakika ameambiwa yeye. Hajakosea herufi hata moja. Maneno ameyasoma sawasawa. Alichoongeza ni anwani.

Leso ya Desdemona haina maandishi. Imetariziwa stroberi, basi. Kila anayeishika anaiandikia lake. Kwa Desdemona ni kumbukumbu ya mapenzi, kwa Emilia, mke wa Iago, ni kitu cha kumfurahisha mume anayemsumbua aipate, na kwa Cassio ni nakshi nzuri tu aliyoikuta chumbani mwake, anataka ashonewe nyingine kama hiyo. Othello anaandika hukumu.

Sasa angalia ilivyopotea. Othello analalamika kichwa kinamuuma. Desdemona anaitoa leso amfunge. Othello anaisukuma, ni ndogo mno, na inaanguka. Ni yeye. Mkono wake ndio uliomtenga mke na leso yake, na baadaye anamdai kwa ukali: iko wapi? Katika hadithi ya Mwitaliano Giraldi Cinthio, iliyochapishwa 1565 na ambayo Shakespeare aliitumia, mwovu anaichomoa mwenyewe kiunoni mwa mke akiwa amembeba mtoto. Shakespeare alibadilisha. Alitaka leso ianguke mbele ya macho ya Othello mwenyewe.

Macho hayo yana kasoro gani? Hayana. Leso anayoiona baadaye mkononi mwa Bianca, mpenzi wa Cassio, ni ile ile kweli. Cassio anayemwona akicheka, anacheka kweli. Ila Othello amejificha kando, anaona vicheko na mikono, na hajui kwamba Iago amemchokoza Cassio kuhusu Bianca. Anadhani wanamcheka Desdemona. Kila alichokiona kilitokea. Kilichopotoka ni hadithi aliyoifunga navyo.

Hapa ndipo ile sentensi ya upofu inapoanguka kwangu. Mtu aliyepofushwa hafanyi uchunguzi, na Othello anafanya. Anamwita Emilia, mtu aliyeshinda na Desdemona mchana kutwa, na kumhoji kama wakili: uliwahi kuwaona? Walinong'onezana? Ulitumwa nje ulete glavu? Emilia anajibu hapana, tena anaapa kwamba Desdemona ni mwaminifu. Shahidi bora kuliko huyo angempata wapi? Lakini akishatoka, Othello anajiambia kuwa mwanamke yeyote mwenye kazi ya kuficha siri angesema hivyo hivyo. Ushuhuda unaoafikiana na wivu ni ukweli. Unaoupinga unathibitisha njama. Cassio hamwiti kabisa kumuuliza mpaka mambo yameshaharibika.

Kwa hivyo wivu haukumnyima Othello habari. Ulimpa kazi ya karani wa mahakama: nani aingie, nani asubiri nje, neno la nani liandikwe. Wanaume wawili waliopigana vita pamoja wanaaminiana. Wanawake wawili wanaojua kila kitu hawasikiki. Hilo si suala la macho, na wivu haukulizua peke yake. Ulilikuta tayari.

Tunalijua hata katika riwaya zetu. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maksuudi anamfungia mkewe Tamima na bintiye Maimuna ndani ya nyumba kabla hawajafanya lolote. Hana hata leso ya kuonyesha. Kule hofu ya heshima imeshatoa hukumu, na ushahidi utatafutwa baadaye, ukihitajika.

Lakini nisiwe mwepesi. Hisia za Othello haziongopi kila mahali. Anahisi Venisi haimpendi, na ni kweli haimpendi. Babake Desdemona alikuwa akimwalika nyumbani asimulie vita vyake, lakini aliposikia amemwoa bintiye, akadai lazima amemloga. Woga wa Othello umeusoma mji ule vizuri kuliko tai zake za jemadari. Kosa ni pale uliposhushwa. Jeraha alilotiwa na mji mzima, alimlipishia mtu mmoja aliyekuwa upande wake, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa karibu na hakuwa na silaha.

Basi dawa ni nini, tuwe baridi kama samaki? Anayefikiri kwa utulivu kuliko wote hapa ni Iago, na tazama anachofanya na utulivu wake. Anayeuona ukweli mwishoni ni Emilia, na anauona akiwa amewaka hasira. Akisikia neno leso, vipande vyote vinaungana kichwani mwake kwa dakika moja. Mumewe anamwamuru aende nyumbani, anakataa. Anatishiwa upanga, anaendelea kusema. Hasira ndiyo iliyompa nguvu ya kusikia alichokuwa akikipuuza muda wote. Tofauti yake na Othello ni kwamba hasira yake ilimfungulia mdomo mbele ya watu, ambapo mtu angeweza kumpinga. Ya Othello ilifanya kikao gizani, na shahidi mmoja.

Nina ugomvi mmoja na tamthilia hii. Emilia anauawa na mumewe kwa kusema kweli, na baada ya hapo Shakespeare anampa Othello hotuba tamu ya mwisho, anayoitumia kuwaelekeza waliobaki namna ya kumsimulia: mtu aliyependa kupita kiasi. Mwaka 1927 T. S. Eliot aliandika kwamba hapo Othello anajipa moyo tu, na nakubaliana naye. Lakini watazamaji hutoka wakimlilia. Miaka mia nne na zaidi imepita, na muuaji bado ndiye anayejiandikia kichwa cha habari, wakati wanawake wawili wamelala pale kitandani bila nafasi ya kusahihisha.

Nikisikia tena jamaa alipofushwa na wivu, nitauliza alichopaswa kuuliza Othello. Alimuuliza nani? Alikataa kumsikiliza nani? Mara nyingi utakuta kulikuwa na Emilia, dada au jirani au shoga yake marehemu, aliyesema mapema kabisa, na ambaye hakuna aliyemwandika.