Benchi la Tatu: Jinsi Fokasi Ilivyowahiwa Harusini Enzi za Filamu

Fungua albamu yoyote ya harusi ya miaka ya 1980 au 1990, huwezi kuikosa picha hii: bibi harusi anaingia kanisani ameshika mkono wa baba yake, shela limefunika uso, wapambe wako nyuma. Anatembea kumwelekea mpigapicha, na kila hatua inabadilisha umbali kati yao. Kamera, tuseme ni Nikon FM2 iliyotoka mwaka 1982, haijui kufokasi yenyewe. Filamu ina picha 36. Kosa likitokea halitaonekana mpaka picha zisafishwe, na siku hiyo maharusi wako fungate. Hata hivyo picha nyingi za aina hii ni safi kiasi kwamba unahesabu nakshi za shela. Zilipatikanaje?

Wengi husema ni wepesi wa mkono. Mimi naona wepesi ulichangia kidogo sana. Anayemfukuza bibi harusi kwa kuzungusha pete ya fokasi huwa nyuma yake muda wote: jicho likishaona, vidole vikazungusha, kidole kikabonyeza, yeye ameshapiga hatua nyingine. Waliofaulu waliacha kumfukuza. Waliiweka fokasi mahali atakapopita, wakamngoja hapo.

Tuiangalie kazi yenyewe. Kabla msafara haujaingia, mpigapicha anasimama kwenye njia ya katikati na kuchagua benchi, tuseme la tatu kutoka aliposimama. Analenga ukingo wake. Katikati ya kitazamio cha FM2 kuna duara dogo lililokatwa sehemu mbili, ya juu na ya chini. Fokasi ikiwa haijakaa, mstari wa wima unaopita kwenye duara hilo unaonekana umevunjika. Ikikaa, vipande vinaungana. Ukingo wa benchi unafaa kwa sababu umenyooka na hautikisiki. Shela jeupe halina mstari wa kuvunjika, kwa hiyo ukililenga lenyewe unabaki kubahatisha. Anazungusha pete hadi apitilize kidogo, anairudisha, vipande vinaungana. Lenzi inasoma mita 3. Kuanzia hapo haigusi tena. Bibi harusi akikaribia usawa wa benchi, anabonyeza sekunde chache kabla? Hapana, ni nukta tu kabla hajafika, maana kidole kina uzito wake na kioo cha ndani ya kamera lazima kinyanyuke kwanza.

Kuna jambo hapa ambalo vijana wanaorudia kamera hizi hulisahau. Unapotazama, lenzi iko wazi kabisa, f/1.8 kwa lenzi nyingi za milimita 50, hata kama umeiseti f/8. Inajibana pale tu unapobonyeza. Maana yake unalenga katika hali ngumu kuliko zote, ambapo kosa dogo linaonekana, kisha unapiga katika hali inayosamehe. Ndiyo sababu lenzi ya milimita 50 ya bei ya kawaida ilikuwa rahisi kufokasi kanisani kuliko zumu nzito. Zumu nyingi za wakati ule zilianzia f/4 hivi au zaidi, na kwenye mwanga hafifu nusu moja ya lile duara iliingia giza.

Lakini f/8 ndani ya kanisa lenye taa chache inatoka wapi? Inatoka kwenye flashi. Vivitar 283, iliyotumika sana duniani, ilikuwa na namba ya nguvu 36 kwa mita, ukitumia filamu ya ISO 100. Gawa 36 kwa 8, unapata mita 4.5: huo ndio mwisho wa flashi hiyo kwa f/8. Ukiweka filamu ya ISO 400 umbali unakuwa mara mbili, mita 9. Watu hudhani flashi na filamu ya 400 vilikuwa vya kufukuza giza tu, kumbe ndivyo vilivyonunua usalama wa fokasi. Kwa lenzi ya milimita 50 iliyofokasiwa mita 3, f/8 inakupa eneo safi kutoka mita 2.3 hivi hadi 4.2. Kwa f/2 eneo hilo halifiki hata nusu mita, yaani hatua moja. Na kwa kuwa flashi ikishawaka kwa nguvu zote huhitaji sekunde kadhaa kujaza tena, mpigapicha alikuwa na nafasi moja ya uhakika kwenye benchi lake. Ilibidi itoshe.

Ukumbini mambo hubadilika. Watu wanapoinuka kutuza, hakuna benchi wala njia. Hapo wengi walivaa lenzi ya milimita 35, wakaiacha mita 3 na f/8: eneo safi linaanzia karibu mita 1.9 na kuishia mita 7. Fokasi ikawa kazi ya miguu, unasogea au unarudi nyuma. Gharama yake ni nyuso za pembeni kuvutika, ndiyo maana picha za meza kuu hazikupaswa kupigwa hivyo.

Kuvishana pete na kulishana keki ni habari nyingine, kwa kuwa wahusika wametulia. Hapa kuna muda wa kulenga hasa. Kwenye taa hafifu, tafuta kitu kinachong'aa karibu na jicho, hereni au ncha ya kope. Ukitaka f/2 ili pambo la nyuma lififie, kumbuka kwamba kwa mita 2 una takriban sentimita 19 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Vichwa viwili havienei humo vikiachana, hivyo waombe maharusi wasogeze mashavu kabla hujagusa pete.

Mwaka 1985 Minolta 7000 ilikuja na fokasi ya kujiendesha, mota ikiwa ndani ya kamera. Ilikuwa na kihisi kimoja katikati, nacho kilihitaji mstari au tofauti ya rangi ili kishike. Mbele ya gauni jeupe tupu lenzi za aina hiyo zilienda na kurudi bila kutulia. Dawa ilikuwa ileile ya FM2: lenga mahali gauni linapokutana na mkono au shada la maua.

Kama una kamera ya filamu na harusi Jumamosi hii, nenda kanisani Ijumaa jioni bila filamu. Mwombe mtu atembee taratibu kwenye njia ya katikati, wewe chagua benchi lako na urudie kubonyeza mpaka kidole kikubaliane na mguu wake. Kisha andika namba ya mita uliyoiseti kwenye kipande cha plasta, ukibandike nyuma ya kamera.