Ace Attorney: gemu inayojua kuuliza, lakini haijui kuishi na shaka

Ukimkuta mtu amenyoosha kidole mbele ya skrini huku anapiga kelele "Pingamizi!", usimshangae. Huenda anacheza Ace Attorney, gemu ya kampuni ya Capcom iliyotoka Japani mwaka 2001 kwenye Game Boy Advance kwa jina la Gyakuten Saiban. Aliyeiandika na kuiongoza ni Shu Takumi. Wewe ni Phoenix Wright, wakili kijana wa utetezi, na karibu kila mteja wako anaonekana ana hatia hata kabla jaji hajakaa vizuri kwenye kiti. Gemu tatu za kwanza sasa zinauzwa pamoja, na tangu 2019 unaweza kuzicheza kwenye kompyuta, Switch, PlayStation 4 au Xbox One.

Sasa, sisi watu wa maabara tuna habari gani na gemu ya mahakamani? Tunayo, tena kubwa. Hii ni moja ya gemu chache ambazo kazi yako yote ni kupima madai kwa ushahidi. Hupigi risasi, hukimbizi gari. Unasoma, unalinganisha, unauliza. Inapofanya vizuri, sijaona somo zuri kuliko hilo la jinsi ya kufikiri. Inapokosea, inakosea mahali ambapo hata wasomi huteleza. Tuanze na uzuri wake.

Uzuri: uongo una gharama

Nitakueleza kesi ya kwanza mpaka mwisho, kwa sababu ni ya mafunzo tu. Nyingine sitakuharibia utamu.

Shahidi anasema alikuta maiti saa saba mchana. Ripoti ya daktari inasema marehemu alikufa baada ya saa kumi jioni. Unambana. Anajitetea: muda ule aliusikia kwenye televisheni. Unaonyesha karatasi inayothibitisha kwamba umeme ulikatika mchana kutwa. Anageuka tena: aa, sikuusikia, niliuona kwenye saa ya mezani. Lakini saa yenyewe ina umbo la sanamu na haina uso wa saa. Inataja muda kwa sauti ukiigusa. Ameisikiaje kama hakuingia ndani akaishika? Na kwa nini ilikuwa nyuma kwa saa tatu? Jibu liko kwenye pasipoti. Marehemu alikuwa amerudi kutoka Paris siku iliyotangulia na hakuwa amerekebisha saa yake. Paris iko mbele kwa saa tisa, kwa hiyo saa kumi jioni kule kwake, Paris ni saa saba usiku. Sauti ya saa ilisema saba, naye akadhani ni saba ya mchana.

Ona kilichotokea hapo. Hukuanza kwa kujua ukweli. Ulianza na dai moja, ukatafuta kitu kimoja kinachogongana nalo. Dai likaanguka, likaja jingine la kuliziba, nalo ukalipima. Kila uongo mpya ulimlazimisha shahidi kusema jambo zaidi, na kila jambo lilikuwa mahali pengine pa kupima. Mwanafalsafa Karl Popper alijenga hoja nzima ya sayansi juu ya wazo la namna hiyo: dai la kisayansi ni lile linaloweza kukutwa si kweli. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kusomewa hilo muhula mzima lisimwingie. Gemu hii inamwingizia kwa nusu saa, tena huku anacheka.

Na inachekesha kweli. Kuna kesi moja ambayo unamhoji kasuku kizimbani. Nakuhakikishia kuna mashahidi wa kibinadamu humo wenye akili kidogo kuliko yule ndege.

Uzuri mwingine ni hasira iliyofichwa chini ya vichekesho. Katika dunia ya gemu hii kesi haitakiwi kuzidi siku tatu, na yupo mwendesha mashtaka anayejisifu kwamba hajashindwa kwa miaka 40. Mchezaji wa nje anaona ni chumvi tu. Mjapani anajua inagusa wapi: kwao, kesi za jinai zinazofika mahakamani huishia kwa hatia zaidi ya asilimia 99. Sababu mojawapo ni kwamba waendesha mashtaka hupeleka zile tu wanazoamini watashinda, lakini maana yake kwa aliye kizimbani ni nzito.

Kero ya kwanza: kufikiri mbele ya gemu ni kosa

Sasa tuje kwenye yanayoudhi. Gemu inakubali njia moja tu. Mara nyingi utakuwa umeshagundua mkinzano, una kielelezo mkononi, unakiweka kwenye sentensi ya pili ya shahidi, na jaji anakukemea. Kumbe walitaka sentensi ya nne. Au walitaka picha, wewe ukaweka ripoti inayosema jambo lilelile. Hoja yako ni sahihi kabisa, ila haiko kwenye karatasi ya majibu.

Na unaadhibiwa. Katika gemu ya kwanza una alama tano za mshangao. Kila kosa linakula moja, zikiisha mteja wako anapatikana na hatia. Tupige hesabu kidogo. Tuseme shahidi ana sentensi tano na wewe una vielelezo 12. Hiyo ni michanganyiko 60, na mmoja tu ndio unaokubalika. Ukibahatisha mara tano bila kurudia, nafasi yako ni 5 kwa 60, yaani kama asilimia 8. Kwa hiyo adhabu inazuia kubahatisha, na hapo naielewa. Tatizo ni kwamba haitofautishi anayebahatisha na anayefikiri kwa njia nyingine. Matokeo yake wachezaji wengi wanahifadhi mchezo kabla ya kila jaribio, wanajaribu, wanarudi nyuma, wanajaribu tena. Gemu iliyotaka ufikiri imekufundisha kujaribu funguo zote mlangoni.

Capcom walikuja kuonyesha kwamba inawezekana kufanya vizuri zaidi. Katika The Great Ace Attorney Chronicles ya 2021, mpelelezi Herlock Sholmes anatoa maelezo ya haraka haraka, mengi yakiwa ovyo, na wewe unarekebisha sehemu moja moja huku umbo la hoja likibaki. Hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku: nadharia haitupwi yote, inanyooshwa pale inapopinda.

Kero ya pili: kinachong'aa si damu siku zote

Toleo la Nintendo DS la 2005 liliongeza kesi ya tano, Rise from the Ashes, pamoja na binti anayeitwa Ema Skye mwenye ndoto ya kuwa mpelelezi wa kisayansi. Unanyunyiza luminoli, unapaka unga kwenye alama za vidole, kisha unaupuliza kwa pumzi yako kupitia maikrofoni. Ni raha tupu, na nadhani kuna watu walichagua kemia kwa sababu ya binti yule.

Lakini kwenye gemu, panapong'aa ndipo palipo damu. Kwenye maisha, luminoli ikichanganywa na haidrojeni peroksaidi hutoa mwanga wa bluu kwa sababu chuma kilichomo kwenye hemoglobini ya damu kinaharakisha mmenyuko. Shida ni kwamba damu haiko peke yake katika kuuharakisha. Jiki inafanya hivyo. Shaba pia, na baadhi ya mboga zenye kimeng'enya cha peroksidasi. Ndiyo maana kwa wapelelezi luminoli ni kipimo cha awali: inakwambia pa kutazama, haikwambii umeona nini. Mtu akisafisha jikoni kwake kwa jiki asubuhi, jioni panaweza kung'aa kama machinjioni.

Kero kubwa: mpaka mtu akiri

Yote hayo ningeyasamehe. Ninaloshindwa kulisamehe ni jinsi kesi zinavyoisha. Haitoshi kuonyesha kwamba ushahidi dhidi ya mteja wako umevunjika. Lazima umtafute muuaji halisi, umbane mpaka atoe jasho, apige mayowe, kisha akiri. Hapo ndipo jaji anaposema hana hatia.

Huko ni kugeuza sheria kichwa chini. Upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuthibitisha pasipo kuacha shaka, wala si kazi ya utetezi kumpata mhalifu. Na kukiri kwenyewe si kipimo cha kuaminika kama gemu inavyotaka uamini. Kwa hili, Japani yenyewe ina ushahidi.

Mwaka 1966 familia ya watu wanne iliuawa Shizuoka. Iwao Hakamada, bondia wa zamani aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha miso, alikamatwa, akahojiwa kwa karibu siku 20, akakiri. Mahakamani alikana. Mwaka uliofuata, nguo zenye madoa ya damu zilipatikana ndani ya pipa kubwa la miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa kwa chumvi. Mwaka 1968 akahukumiwa kifo. Suruali ile alipojaribishwa haikumwenea. Upande wa mashtaka ukasema ilinywea ndani ya miso. Je, hujamsikia yule shahidi wa saa ya mezani?

Kilichokuja kuiangusha kesi ni rangi. Madoa yalielezwa kuwa mekundu. Upande wa utetezi ulifanya majaribio ya kulaza damu kwenye miso, na wataalamu wakaeleza kwamba chumvi na asidi huharibu hemoglobini, na kwamba baada ya mwaka mzima damu huwa nyeusi au kahawia. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilirudisha swali hilohilo la rangi likachunguzwe upya. Tarehe 26 Septemba 2024, Hakamada akiwa na miaka 88, mahakama ilimwona hana hatia na kusema kwamba wapelelezi walitengeneza ushahidi, ikiwemo ile rekodi ya kukiri kwake.

Mkinzano mmoja, nguo moja, swali moja la kemia. Phoenix Wright angeipenda kesi hii. Lakini angalia kilichokosekana: hakuna muuaji aliyepiga mayowe kizimbani. Mpaka leo hukumu ile haitaji nani aliua. Inasema tu kwamba ushahidi uliompeleka mtu huyu kwenye chumba cha kusubiri kunyongwa haukusimama, na hilo lilitosha kisheria. Lilipaswa kutosha miaka mingi kabla.

Basi cheza Ace Attorney, nakusihi. Cheza kesi ya kwanza leo usiku, na mdogo wako akae pembeni akusaidie kukamata uongo. Itakunoa kuliko vitabu vingi vya mbinu za utafiti. Ila ukifika pale mwisho, muuaji anapoanguka na muziki unapanda, jiulize kimya kimya: kama huyu asingekiri, mteja wangu angekuwa na hatia zaidi? Gemu haina jibu la swali hilo. Wewe unalo.