Tarakilishi Ikiamriwa kwa Kiswahili

Mwanafunzi mmoja hapa Misikhu aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini tunaiamuru tarakilishi 'print', na hakuna karatasi inayotoka?" Swali zuri. Neno hilo ni masalio ya miaka ya 1960, wakati ambapo tarakilishi nyingi zilijibu kwa kupiga chapa karatasini. Karatasi imeondoka, neno limebaki.

Mtoto huyo ana Kibukusu nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kiingereza katika mitihani. Aanzapo kuandika programu hubebeshwa mizigo miwili kwa safari moja: fikira mpya na maneno ya kigeni. Kwa hiyo yafaa tuipime Nuru, lugha ya programu iliyotungwa na vijana wa Afrika Mashariki kwa maneno ya Kiswahili.

Katika Nuru, amri ya kuonyesha jambo ni "andika". Sharti huanza kwa "kama", na njia ya pili kwa "sivyo". Jibu la kazi hutolewa kwa "rudisha". Maneno haya yanafaa sana, kwa kuwa kitenzi chetu kikivuliwa viambishi vya mwanzo huwa amri kamili. Sifa nyingine ni kubwa zaidi: mwanafunzi akikosea, Nuru humwambia kwa Kiswahili kwamba neno halifahamiki, na kumtajia mstari wenye kosa. Akosolewaye kwa lugha aijuayo hujirekebisha upesi.

Hata hivyo kasoro zipo. Nuru huandika "sikweli" kwa neno moja. Mwanafunzi akifanya hivyo katika insha atakatwa alama. Sababu yake naielewa, maana kwa mashine nafasi hutenga neno na neno. Lakini "ktk", mkato wa "katika", sioni udhuru wake. Ni mazoea ya barua za haraka, na herufi tatu zilizookolewa hazimsaidii mwanafunzi.

Tena, historia yatuonya tusifurahi mno. Katika miaka ya 1950 Grace Hopper wa Marekani aliwaonyesha wakubwa wake programu ile ile kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Wao walishtuka, lakini kwa mashine halikuwa jambo: maneno yalibadilika, kazi ikabaki ile ile. Baadaye lugha ya COBOL, iliyoanza kutungwa mwaka 1959, ilijaa maneno ya Kiingereza cha kawaida. Wala wenye Kiingereza chao hawakuwa mafundi kwa kuisoma tu. Basi maneno peke yake hayamfundishi mtu kufikiri.

Lugha ya Logo, iliyoanzishwa mwaka 1967 na Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon, ilishika njia nyingine. Baada ya muda ilimpa mtoto kobe wa kuamuru: nenda mbele, geuka kulia. Mtoto aliyekwama aliweza kuinuka, akatembea mwenyewe hatua za kobe, akaliona kosa kwa miguu yake.

Hukumu yangu ni hii. Nuru imefungua mlango, na hapana budi tuwashukuru watungaji wake. Sasa yataka vitabu vya mazoezi vyenye mambo ayajuayo mtoto: magunia ya mahindi, nauli ya kwenda Kitale, hatua za uwanjani. Yule aliyeuliza habari ya karatasi alikuwa amekwisha kuanza kufikiri. Kazi ya lugha, na ya mwalimu, ni kutomkatisha.