Kiingereza kipime, Kiswahili kilie? Somo kutoka kwa wafuatiliaji wa kigari cha Mirihi

KUNA sentensi moja fupi ambayo imezunguka dunia tangu Februari 2019 na kuwatoa wengi machozi. Yasemekana ni maneno ya mwisho ya Opportunity, kigari cha utafiti ambacho Marekani ilikipeleka katika sayari ya Mirihi. Kwa Kiswahili nimeisikia hivi: "Betri yangu inaisha na giza linaingia." Wapo walioichapisha kwenye fulana. Wapo hata walioichanja mwilini.

Shida ni moja tu. Kigari hakikusema hivyo.

Katika makala haya nataka kuipima sentensi hiyo jinsi mhakiki anavyopima tafsiri, halafu niilinganishe na kazi ya watu waliokijua kigari hicho kwa karibu mno. Nawazungumzia mashabiki waliofuatilia njia yake hatua kwa hatua kwa zaidi ya miaka 14. Naamini tofauti iliyopo kati ya sentensi na kazi hiyo inatuhusu sisi tunaoandika kwa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Tuanze na ukweli wa mambo. Mwaka 2018 dhoruba ya vumbi iliifunika Mirihi. Opportunity ilitegemea miale ya jua kupata umeme. Mawasiliano yake ya mwisho yalifika Juni 10 mwaka huo. Yalionyesha kwamba paneli zake zilikuwa zikizalisha wati-saa 22 tu kwa siku, kiasi cha kuwasha balbu ya wati 11 kwa saa mbili. Kipimo cha vumbi angani kilikuwa 10.8, ilhali siku za kawaida huwa chini ya 1. Baada ya hapo, kimya. Shirika la NASA lilituma amri zaidi ya 1,000 kujaribu kukiamsha, na mnamo Februari 13, 2019 likatangaza kwamba kazi imekwisha. Mwanahabari Jacob Margolis wa California, aliyekuwa ameelezwa na wanasayansi maana ya takwimu hizo, ndiye aliyeufupisha ujumbe kwa maneno yake mwenyewe. Baadaye alifafanua kwamba hiyo ilikuwa fasiri yake. Lakini nani husikiliza ufafanuzi? Sentensi ilikuwa imekwishapata miguu.

Sasa tuitie kwenye mizani. Ina vipande vitatu. "Betri inaisha" kiko karibu na ukweli, maana paneli zikikosa jua betri hazina wa kuzijaza. "Giza linaingia" nacho kina msingi, kwa kuwa 10.8 ni giza la mchana. Kipande cha tatu ni kidogo, silabi mbili pekee: "yangu." Hicho hakimo kokote. Katika takwimu zile hakuna nafsi ya kwanza. Mfasiri ameiongeza, na hiyo nyongeza ndiyo inayotuliza. Tungeondoa "yangu" tukasema "betri inaisha na giza linaingia", ingekuwa ripoti ya fundi. Silabi mbili zimegeuza chombo kuwa mtoto aliyeachwa peke yake gizani. Ndiyo maana filamu ya mwaka 2022 kuhusu kigari hichohicho iliitwa Good Night Oppy, kwa namna mzazi anavyomuaga mtoto anayekwenda kulala.

Hebu sasa tuwatazame mashabiki. Kiswahili kina kitenzi kinachowafaa hasa. Mtu anaweza kufuata, akafuatia, au akafuatilia. Vyote vina mzizi mmoja, lakini "fuatilia" kina kauli ya kutendea iliyokunjwa mara mbili, na kukunjwa huko kunaleta maana ya kudumu, ya kutoachia. Anayefuata huenda nyuma tu. Anayefuatilia huuliza: kilipita wapi? Lini? Kwa nini kilikata kona pale?

NASA iliziachia hadharani picha za kigari karibu mara tu zilipofika duniani. Mashabiki wa nchi mbalimbali walizichukua, wakaziunganisha, wakazilinganisha na picha zilizopigwa kutoka angani, kisha wakachora mstari wa njia. Phil Stooke, mtaalamu wa ramani wa Chuo Kikuu cha Western Ontario nchini Kanada, amechora ramani za namna hiyo kwa miaka mingi. Atlasi yake ya uchunguzi wa Mirihi, juzuu la pili, ilitoka mwaka 2016. Doug Ellison, Mwingereza aliyeanza kama shabiki, hatimaye aliajiriwa na maabara ya JPL inayoendesha vigari vyenyewe. Kwa hivyo tusiwachukulie kama watu wa kupiga soga tu.

Kuchora mstari huo si kazi rahisi. Mtu angedhani inatosha kuhesabu mizunguko ya magurudumu. La hasha! Mnamo Aprili 26, 2005 Opportunity ilikwama kwenye tuta la mchanga lililopewa jina la Purgatory. Ilikwamuka Juni 4. Katika majuma hayo magurudumu yalizunguka kiasi cha kutosha kwenda mita 192 kama ardhi ingekuwa ngumu, ilhali kigari kilikuwa kimejongea kidogo mno. Anayeamini magurudumu atachora mstari wa uongo. Anayefuatilia atatazama mawe yaliyo kandokando: je, jana jiwe lile lilikuwa wapi, na leo liko wapi?

Usahihi huohuo ulihitajika kuamua nani bingwa wa masafa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Lunokhod 2, kigari cha Wasovieti kilichotembea mwezini mwaka 1973, kilikwenda kilomita 37. Picha mpya za mwezi zilipoonyesha alama za magurudumu yake, wataalamu wa Urusi walipima upya wakapata 42. Hesabu ikarudiwa kwa ushirikiano na Wamarekani, wakakubaliana kuwa ni 39. Opportunity iliipita rekodi hiyo Julai 2014. Machi 24, 2015 ilimaliza masafa ya marathoni, kilomita 42.195, kwa miaka 11 na miezi miwili. Sisi Wakenya tuna haki ya kutabasamu kidogo hapo. Hata hivyo, kigari hicho kiliundwa kifanye kazi kwa siku 90 tu.

Na hapa ndipo penye utamu. Mashabiki hao walikipenda kigari kupindukia. Kilipoondoka kwenye kasoko ya Victoria, yaani shimo la duara lililochimbwa na kimondo, mwaka 2008 na kuelekea kasoko ya Endeavour yenye upana wa kilomita 22, safari ilichukua takriban miaka mitatu na kilomita 21 hivi, kwa kuwa ilibidi kuyazunguka matuta hatari ya mchanga. Kwa muda huo wote kulikuwa na watu duniani waliokuwa wakikodolea macho vilima vidogo kwenye upeo wa picha, wakibishana kama vimekaribia kuliko juzi. Huo ni upendo. Ila ni upendo uliojieleza kwa kipimo. Ile "betri yangu" ni kama magurudumu ya Purgatory: inazunguka sana, inatupa hisia ya kusonga, lakini haitupeleki karibu na kigari.

Sasa turudi nyumbani kwenye lugha. Wanaozungumza Kiingereza hukitaja kigari hiki kwa kiwakilishi cha kike, jinsi mabaharia wao wanavyoitaja meli. Kiswahili hakina mgawanyo huo. Mgawanyo wetu mkuu ni mwingine: chenye uhai na kisicho na uhai. Kiboko ana "ki", kipofu ana "ki", kijana vilevile, lakini tunasema kiboko amezama na kijana amefika. Uhai ndio unaoamua. Kigari hakina uhai, basi kigari kimekwama, kigari kimenyamaza. Mwandishi wa Kiswahili hana pa kujificha: kila anapofika kwenye kitenzi, lazima atamke kama anaamini chombo hiki kina roho au hakina. Akiandika "roboti huyo alikata tamaa", ameshatoa hukumu, pengine bila kujua.

Simaanishi kwamba A-WA ni mwiko kwa vitu. Katika ngano zetu Jua humwambia Upepo, na hakuna anayelalamika. Hiyo ndiyo tashihisi tunayoifundisha madarasani. Lakini msikilizaji wa ngano amefunguliwa mlango kwa "paukwa" akaitikia "pakawa". Anajua ameingia wapi. Msomaji wa habari za sayansi hajafunguliwa mlango wowote. Yeye anadhani bado yuko uani, kumbe ameshaingizwa ndani.

Tena Kiswahili hakihitaji nafsi ili kitu kife. Simu imekufa, injini imekufa, betri imekufa. Ukimwambia fundi wa gari "betri imekufa", hatakupa rambirambi. Atakuuliza ni ya volti ngapi. Lugha yetu imeshatupa kitenzi "kufa" kwa ajili ya mashine, na imeweka kinga kwenye upatanisho wa kisarufi: kigari kilikufa. Neno ni zito, ila halidanganyi. Ukiliongezea mapambo na kuandika kwamba kigari "kiliaga dunia" mwaka 2018, hapo utachekesha bila kukusudia. Opportunity iliaga dunia Julai 2003, iliporushwa kutoka Cape Canaveral!

Najua nitapingwa. Ataniambia mtu: mwalimu, mwache msomaji alie, maana machozi ndiyo yanayomvuta mtoto kwenye sayansi. Hoja hiyo ina uzito, na siidharau. Bila shaka wapo waliolisikia jina la Opportunity kwa mara ya kwanza kupitia sentensi ile. Swali langu ni hili: baada ya kulia, anakwenda wapi? Msomaji wa Kiingereza ana pa kwenda. Ripoti ziko kwa lugha yake, atlasi iko kwa lugha yake, na akitaka atajua ile 22 na ile 10.8. Msomaji wa Kiswahili, mara nyingi, ameachiwa sentensi tu. Shuleni mwetu sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Tukiendelea kuchukua machozi na kuacha vipimo, tutakuwa tumekubali mgawanyo wa kazi usiotufaa: Kiingereza kipime, Kiswahili kilie. Kisha tutashangaa kijana akisema kwamba Kiswahili hakiwezi sayansi.

Kinaweza, na tangu zamani kiliweza kusimulia njia. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa masimulizi ya wasafiri wenyewe kwa Kiswahili, likiwemo la Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Msafiri wa namna hiyo hahitaji kutuambia kila mara kwamba moyo unamdunda. Anatutajia alikotoka, alikolala na alichokiona, nasi tunatembea naye. Ukichunguza ramani za wafuatiliaji wa Opportunity, utaona ni jamaa moja na simulizi hizo: kituo kwa kituo, siku kwa siku, ingawa siku ya Mirihi inaizidi yetu kwa takriban dakika 40.

Kwa hivyo nawasihi waandishi na watangazaji wenzangu: tukitafsiri habari za anga, tutafsiri na namba. Tuseme Mirihi. Tuseme kigari, na tukipe kigari upatanisho wake. Panapokuwa na maneno ya mtu, tumtaje mtu huyo, tusiyatie kinywani mwa chombo. Tashihisi ikihitajika, tuibishie hodi mlangoni kwanza.

Mimi ningeandika hivi, bila kuongeza chochote:

Mnamo Juni 10, 2018, siku ya 5,111 katika Mirihi, kigari kilikuwa kwenye Bonde la Perseverance, ukingoni mwa kasoko ya Endeavour. Kilikuwa kimesafiri kilomita 45.16. Kamera yake ilielekezwa kwenye jua ili kupima vumbi, lakini jua halikuonekana. Picha ilitoka nyeusi, yenye chembechembe nyeupe za hitilafu za kamera. Kigari kikaanza kuituma duniani. Mawasiliano yalikatika kabla sehemu ya chini ya picha haijafika.

Hapo hamna "yangu" hata moja. Anayetaka kulia, na alie.